Tangazo Lililokatwa kwa Mkasi

Hakuna mtu wa mtaa wa bondeni aliyevaa nguo iliyopinda, na sifa hiyo ilikuwa ya Fundi Rula. Walimpa jina hilo kwa sababu hakukata kitambaa bila kupiga rula, hata kikiwa kiraka cha goti. Watu walimtania, "Fundi, hata ugali wako unaupima?" Naye alijibu, "Naupima kwa macho. Rula naiogopea mchuzi."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama njia kuu ya mtaa. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kamba iliyoning'inizwa vigezo. Kigezo ni ile karatasi ambayo fundi huilaza juu ya kitambaa, kisha akakata kwa kuifuata. Kuna kigezo cha kola, kigezo cha mkono, kigezo cha mfuko. Karatasi laini huchanika upesi, kwa hiyo Fundi alipenda karatasi nene. Akiiona karatasi nene, macho yanamtoka kama paka aliyeona samaki.

Mkewe hukaa mlangoni, kwenye mwanga, akishona matundu ya vifungo. Zamani yeye ndiye aliyepiga pasi. Miaka miwili iliyopita, wakati wa mvua, aliteleza kwenye gogo ambalo watu hulitumia kuvuka korongo. Mkono wake wa kulia ulivunjika, ukaungwa, lakini haukunyooka tena. Tangu siku hiyo pasi ilimshinda.

Lakini ulimi haukuvunjika. Alizunguka nyumba kwa nyumba na wanawake wenzake wakidai daraja la miguu. Uchaguzi ulipofika, mtaa mzima ulimchagua mwalimu mmoja mstaafu awe mbunge wao, kwa sababu alikuwa amelivuka korongo lile kwa miguu yake. Mwalimu huyo alikuwa ameshalisema daraja bungeni mara tatu. Mpango ulikuwa umeandikwa. Kilichobaki ni kupitishwa.

Basi asubuhi moja, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Karani wa ofisi ya mtaa aliingia dukani. Alibeba bomba refu la karatasi na daftari kubwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kama ni suruali, rudi wiki ijayo. Nina mashati sitini ya shule, hata kupiga chafya sina nafasi."

"Si suruali. Ni tangazo. Mlangoni kwako hupita kila mtu, basi libandike hapo. Tia saini hapa, kwamba umelipokea na umelibandika."

"Kulibandika bado."

"Si utalibandika? Wewe si mtu wa maneno mawili."

Fundi alicheka, akajisifu moyoni. Akatia saini. Karani akaenda zake. Fundi akaliweka lile bomba juu ya rafu, akarudi kwenye mashati.

Siku ya pili, kigezo cha kola kilichanika katikati. Fundi alitazama huku, akatazama kule. Mkono wake ukagusa lile bomba. Akalikunjua. Karatasi ilikuwa pana, nene, nyeupe kwa nyuma. Mbele kulikuwa na mistari myekundu na maandishi madogo.

"Ramani tu hii," alijisemea. "Nani husoma ramani? Kesho nitamwomba Karani nyingine."

Akapiga rula, akakata. Kola, mkono, bega, mfuko. Mkasi uliteleza vizuri mno. Mashati sitini yakaisha kabla ya shule kufunguliwa, na kola zake zilikaa kama zimemwagwa kwenye kalibu. Ile kesho ya kumwomba Karani haikufika.

*

Siku arobaini na mbili zilipita.

Mchana mmoja jirani yao alikuja kuchukua suruali yake ya kazini. Mama huyu alikuwa mpima ardhi, na mtaani walimwita Mpima. Suruali zake zilikuwa na mifuko minane. Mkewe Fundi alimwita mdogo wake, ingawa hawakuzaliwa pamoja, kwa hiyo Mpima alimwita Fundi shemeji.

"Shemeji, mfuko wa tisa uko wapi?"

"Wa nane wenyewe unafugia nini?"

"Chaki, tepu, na biskuti. Kazi ya porini hiyo." Mpima alicheka, akaegemea kamba ya vigezo. Kisha akaacha kucheka. Alishika kigezo cha mkono wa shati, akakigeuza. "Shemeji, hii umeitoa wapi?"

"Ni karatasi tu."

"Hii ni ramani ya tume ya mipaka. Tazama, huu ni mstari wa jimbo. Na hapa pameandikwa." Akasoma polepole. "'Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku thelathini tangu tangazo hili kubandikwa.' Dada! Hebu njoo. Kuna tangazo lolote la mipaka lililobandikwa mtaani?"

Mkewe Fundi aliinuka na sindano mkononi. "Mipaka gani? Hatujaona kitu. Baba watoto, umeitoa wapi hii?"

Hapo ndipo Fundi alipokumbuka daftari, saini, na yale maneno: umelipokea na umelibandika. Angeweza kusema kweli. Ilikuwa sentensi moja tu.

"Nilinunua kwa muuza karatasi chakavu," alisema.

Sauti yake ilitoka nyembamba. Hakuna aliyeigundua ila yeye.

Mpima alishusha vigezo vyote kutoka kwenye kamba. Alivipanga mezani, kola ikagusa bega, bega likagusa mkono, hadi mtaa wao ukaonekana, ingawa ulikuwa na matobo ya hapa na pale. Mstari mwekundu uliingia katikati ya bonde. Mwingine ukaukata kwa upande. Ilikuwa kana kwamba mtoto amepewa kalamu akaachwa.

"Sasa hivi bonde letu lote lipo jimbo moja," Mpima alisema. "Tunachagua mbunge wetu. Katika ramani hii wametukata vipande vitatu. Nyumba za juu ya njia zinaunganishwa na mlimani. Nyumba za kisimani zinapelekwa mashariki. Sisi huku tunapelekwa ng'ambo ya reli."

"Tatizo liko wapi?" mkewe Fundi aliuliza. "Si tutapiga kura huko huko?"

"Shemeji, nipe vifungo. Vyeusi na vyeupe."

Fundi alileta kopo la vifungo.

Mpima alihesabu vifungo kumi na tano. "Vyeusi sita ni sisi wa bondeni. Vyeupe tisa ni wa mlimani na kwingineko. Tunachagua wabunge watatu, kwa hiyo tuweke mafungu matatu, kila fungu vifungo vitano. Tukibaki pamoja kama tulivyo sasa, vyeusi vitano vipo fungu moja, cha sita kiwe kwa majirani. Nani anashinda hapo?"

"Sisi."

"Sasa nakata." Akavitenganisha kwa kidole. "Vyeusi viwili hapa, viwili hapa, viwili hapa. Nani anashinda?"

Mkewe Fundi alihesabu kila fungu. "Vyeupe vitatu, vyeusi viwili. Huku hivyo hivyo. Na huku." Akainua uso. "Hatushindi popote!"

"Na hakuna mtu hata mmoja aliyehama wala kuzuiwa kupiga kura. Umechorwa mstari tu. Kuna ujanja wa pili pia. Mkiwa wengi, wanawarundika. Tuseme vyeusi ni vinane, yaani ndio wengi. Vitano warundike fungu moja, vitatu vilivyobaki uvitawanye. Wengi wanapata mbunge mmoja, wachache wanapata wawili."

"Na nani aliyechora hivi? Watu wa mlimani?"

"Usiwaonee. Watu wa mlimani hawana habari kama wewe. Mchoro wa kwanza huletwa na kamati ya wabunge wenyewe. Mtu atakayegombea ndiye anayechagua nani ampigie kura! Tume hupokea mchoro, husikiliza wananchi, kisha huamua. Wananchi wasiposema kitu, tume hudhani wameridhika."

"Na daraja?"

Mpima alivirudisha vifungo kwenye kopo kimoja kimoja. "Mbunge atakayeishi ng'ambo ya reli, dada, ataanza kwa kuuliza korongo liko wapi."

Mkewe Fundi alisimama. Alishika mkono wake uliopinda kwa ule mzima, kama alivyozoea anapokasirika. "Ni yule Karani! Hakutuletea tangazo, amelala nalo ofisini. Kesho nakwenda na wenzangu. Atanitambua!"

Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani. Alikanyaga pedali, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka. Haikuwa na kitambaa chini yake.

*

Asubuhi wanawake watano waliondoka. Fundi aliwatazama wakipandisha njia. Angeweza kuwakimbilia. Aliinuka mara mbili, mara mbili akakaa. Alijiambia huenda daftari limepotea. Huenda Karani hayupo leo. Mtu mwenye aibu huomba hata ofisi iungue.

Walirudi kabla ya saa tano. Walikwenda wakipiga kelele, wakarudi kimya. Wanne waliingia makwao bila kumsalimu. Mkewe aliingia dukani, akakaa kwenye kiti chake cha mlangoni. Hakushika sindano.

"Nimemtukana Karani mbele ya watu," alisema. "Nimemwita mvivu. Nimemwita kibaraka. Ameniacha nikamaliza. Halafu akafungua daftari." Akamgeukia. "Baba watoto, ile saini ni ya nani?"

Fundi alitazama sakafu. Palikuwa na vipande vya uzi mweupe. Alitamani kuwa uzi.

"Ni yangu."

"Na muuza karatasi chakavu?"

"Hakuna muuza karatasi. Nilikata mimi. Nilikuwa na mashati ya shule. Nilisema kesho nitaomba nyingine. Jana nilikudanganya. Nilikuona unaondoka leo, nikanyamaza."

Alingoja makelele. Hayakuja.

"Kukata, umekata kwa ujinga," mkewe alisema. "Hata mimi sikujua mipaka ni nini hadi jana. Lakini umeniacha nikamwaibishe mtu asiye na kosa. Huo si ujinga."

Akainuka, akaingia ndani. Siku ile walikula bila kusemezana. Alimpakulia, akamwekea maji ya kunawa, hakukosa heshima hata moja. Hiyo ndiyo iliyomuuma Fundi zaidi.

Kesho yake alikwenda ofisini peke yake. Alimwomba Karani msamaha, akamwombea mkewe pia. Karani alisikiliza, akajikuna kichwa.

"Fundi, na mimi nina langu. Nilipaswa kurudi kuhakikisha limebandikwa. Sikurudi. Niliona saini nikaridhika."

Kutoka hapo Fundi alikwenda kwa Mpima. Alimkuta akisafisha matope kwenye buti.

"Shemeji, niambie. Maji yakimwagika hayazoleki?"

"Haya ya kwako bado yapo kwenye sinia. Nimesoma kanuni. Tangazo lisipobandikwa, siku thelathini haziwezi kuwa zimeanza. Alhamisi tume inakaa kikao cha mwisho, ukumbi wa mjini. Tukithibitisha kwamba halikubandikwa, lazima watupe siku zetu."

"Basi wewe nenda ukaseme. Wewe unajua kusema."

"Mimi sikupewa tangazo. Daftari linasema mtaa uliarifiwa. Mtu mmoja tu anaweza kusema daftari linadanganya."

Fundi alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Nikisema mvua iliiharibu? Niliibandika, mvua ikanyesha, ikaloa."

"Mwezi ule ilinyesha?"

Haikunyesha hata tone. Watu walikuwa wanachota maji kwa foleni.

"Mficha uchi hazai, shemeji," Mpima alisema kwa upole, akarudi kwenye buti zake.

*

Siku hiyo hiyo Fundi alitoa kitambaa kigumu cha kola, kile kinachogandishwa kwa pasi. Alikitandika mezani. Akapanga vigezo vyote juu yake, ncha kwa ncha, akavipiga pasi hadi vikashika. Kipande cha mfuko kilikuwa kimepotea, kwa hiyo pale paliachwa pengo. Alipomaliza, ramani ilikuwa nzima kama mgonjwa mwenye mishono. Aliibandika mlangoni. Chini yake akaandika kwa chaki kwenye ubao mweusi: "Tangazo hili nilipewa nilibandike. Sikulibandika. Nililikata. Someni sasa. Fundi."

Watu walijaa. Hakuna siku duka lile lilipata wageni wengi hivyo bila nguo hata moja.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Wewe uko kwapani."

"Na mimi?"

"Kwenye kola. Hongera, umepanda cheo."

"Kisima kiko wapi?"

"Kilikuwa mfukoni, na mfuko umepotea!"

Walicheka, lakini si wote. Mzee muuza mkaa alisoma ubao hadi mwisho, akamgeukia Fundi. "Miaka ishirini nakuamini na nguo zangu za msikitini. Karatasi ya serikali imekushinda?" Akaondoka. Mama mmoja wa kisimani alikuja na gauni lake lililokuwa halijaisha. Alilichukua vivyo hivyo, na pindo linaning'inia, akasema atamalizia kwingine. Fundi alimkunjia, akampa kwa mikono miwili.

Kila jioni, kabla giza halijaingia, Mpima alisimama mbele ya ramani ile akawaeleza watu. Aliwaambia jimbo zuri likoje. Watu wa jimbo moja wasizidi sana wa jimbo jingine, ili kura ya huku iwe na uzito sawa na ya kule. Watu wenye shida moja, wanaotumia kisima kimoja na shule moja, wasipasuliwe bila sababu. Mpaka ufuate kitu kinachoonekana, kama mto, korongo au barabara. Na anayechora asiwe yule anayegombea.

"Tukienda mbele ya tume," alisema, "tusiseme tu hatutaki. Mtu aseme hatutaki kwa nini, na tunataka mpaka upite wapi."

Mkewe Fundi alikuwa anasikiliza akiwa mlangoni. Kwa mumewe alisema ya kazi tu. Nipe uzi. Pasi imepoa. Vifungo vya bluu vimekwisha.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wajumbe wa tume, na mwenyekiti wao alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya chini. Upande mmoja alikaa wakili wa kamati ya wabunge, suti yake imembana mabegani. Fundi aliiona ile suti, na kwa sekunde moja akasahau hofu. Kisha akaitwa, hofu ikarudi.

Mwenyekiti alimwonyesha daftari. "Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Inasema ulilipokea tangazo na ulilibandika. Ni kweli?"

Fundi aliona wateja wake. Aliona mafundi wenzake wa mlimani, wawili, wamekaa safu ya nyuma. Neno mvua lilikuwa pale pale, jepesi, linangoja.

"Nililipokea," alisema. "Sikulibandika. Nilikata kola."

Kicheko kililipuka. Kilitoka nyuma, kikapita juu yake, kikafika mbele. Hata mjumbe mmoja wa tume alishika mdomo. Fundi alisimama akingoja kiishe. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Mwenyekiti peke yake hakucheka.

"Endelea."

"Nilihitaji karatasi nene. Sikuisoma. Mkasi wangu ndio uliowanyima watu wangu siku zao. Nimekuja mwenyewe kusema. Wasiadhibiwe wao kwa kosa langu."

Walitundika ramani ya mishono. Wakili aliinuka.

"Mheshimiwa, hadithi inachekesha, lakini haina tarehe. Huenda huyu bwana aliibandika vizuri, siku thelathini zikaisha, ndipo akaikata. Leo wenzake hawajaridhika, wanamtuma ajidhalilishe."

Fundi alifungua mdomo. Alijiandaa kwa aibu tu, hakujiandaa kutoaminiwa.

"Naomba kusema," ilisikika sauti.

Mkewe alikuwa amesimama. Alikuja mbele, na kwenye mfuko wake akatoa shati jeupe la shule, la mtoto wa jirani. Aliifumua mishono ya kola palepale kwa wembe mdogo wa kushonea, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukilishikilia vibaya. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akailaza kola juu ya ramani, kwenye kipande cha kola. Kitambaa kilizidi karatasi kwa upana wa mshono, kote kote, bila kupungua wala kuongezeka.

"Mume wangu ana kasoro," alisema, "lakini hakati ovyo. Kola hii ilikatwa kwa karatasi hii. Mashati haya sitini yalivaliwa siku shule ilipofunguliwa. Saini ile ina siku tano tu kabla ya hapo. Mwalimu mkuu yumo humu. Muulizeni."

Mwalimu mkuu aliulizwa, akakubali. Wakili aliketi. Mwenyekiti aliinama akaipima kola ile kwa kidole, kuanzia ncha hii hadi ncha ile.

Wakati wanatoka, mafundi wawili wa mlimani walimsubiri Fundi mlangoni. Aliinamisha kichwa akijua atataniwa.

"Kwetu lilibandikwa," mmoja alisema. "Lakini lilibandikwa ndani ya ofisi iliyofungwa. Tofauti yetu na yenu ni kwamba kwetu hakuna aliyekiri."

Walipofika kwenye korongo mkewe alinyoosha mkono wake uliopinda, Fundi akaushika, wakavuka gogo polepole.

"Leo umesema," mkewe alimwambia walipofika ng'ambo. Ni hayo tu. Lakini hayakuwa ya kazi.

*

Tume iliwapa bondeni siku thelathini zao, na mlimani wakapewa zao. Mapingamizi mia tatu na kumi yaliandikwa. Mengine yaliandikwa dukani kwa Fundi, juu ya meza ya kukatia, mwenye kujua kuandika akimwandikia asiyejua. Kila moja lilitaja sababu, na lilionyesha mpaka upite wapi. Miezi mitatu baadaye ramani mpya ilitoka. Bonde lilikuwa zima, na mpaka ulifuata korongo na reli. Tume iliandika kwa nini ilikataa mchoro wa kwanza, na ikaagiza kwamba saini peke yake haitoshi tena: tangazo lisomwe kwa sauti mkutanoni, na wananchi wawili washuhudie. Kuhusu kuwaondoa wabunge katika uchoraji wa mipaka, muswada ulipelekwa bungeni. Ulipigwa danadana mwaka mzima, watu wakaandika barua tena na tena, mwishowe ukapita. Mchoro wa kwanza sasa huchorwa na tume yenyewe, mbele ya watu.

Daraja liliingia kwenye bajeti ya mwaka uliofuata. Mzee wa mkaa alirudi na nguo zake. Mama wa gauni hakurudi, na Fundi hakumlaumu.

Mtaa ulipochagua watu wawili wa kushuhudia matangazo, Karani alitaja jina la Mpima. La pili alilitaja mkewe Fundi.

"Mwekeni mume wangu."

Watu waliguna. Fundi mwenyewe alishtuka. "Mimi? Baada ya yale?"

"Nani mwingine anajua inavyouma?" mkewe alisema.

Wiki iliyofuata habari zilifika kwamba kuna mpaka wa kata unaotaka kubadilishwa, si wao, ni mtaa wa ng'ambo ya reli, ambako hakuna aliyemjua Fundi ila kwa kicheko. Tangazo halikusomwa mkutanoni kama ilivyoagizwa, lilikuwa limebandikwa tu nyuma ya mlango wa ghala. Fundi alifunga duka mapema. Alinakili tangazo lote kwa mkono, neno kwa neno, akavuka reli, akasimama kwenye nyumba ya kwanza.

"Hodi."

Mama mmoja alifungua, mikono ina unga. Alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye kofia. "Karibu. Ngoja, si wewe ndiye yule fundi aliyekata ramani?"

Masikio ya Fundi yalipata moto kama siku ile ukumbini.

"Ndiye mimi, mama," alisema. "Nimekuja kuwasomea yenu."